Mashauri ya Nyumbani: Motokaa Itumiayo Petroli na Umeme

Juma hili ukurasa wetu unatoka jikoni na kuingia barabarani. Tumepokea barua kutoka kwa bibi mmoja wa mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, ambaye yeye na mume wake wameweka akiba kwa miaka sita ili wanunue motokaa ya teksi. Bwana amependezwa na motokaa ya haibridi aliyoiona ikipita mbele ya nyumba bila kelele, naye ameambiwa kwamba inatumia nusu ya petroli inayotumiwa na motokaa nyingine. Bibi anaogopa. Amesikia kwamba ndani yake mna betri kubwa iliyofichwa chini ya kiti, na kwamba siku betri hiyo itakapokufa, gharama ya kuibadili itameza faida yote. Anatuuliza ni yupi kati yao aliye sawa, na anatuomba tumweleze chombo hicho kinakwendaje, kwa maneno ambayo mtu asiye fundi anaweza kuyaelewa.

Swali hili si la anasa. Wakaao Bujumbura wanakumbuka foleni za mwaka 2022 na za miaka iliyofuata, magari yakilala usiku kucha mbele ya vituo vya petroli, na madereva wakilala ndani yake. Katika hali ya namna hiyo lita moja ya petroli si hesabu ya karatasini tu. Ni safari ya mgonjwa kwenda hospitalini, ni gunia la mchele kufika sokoni, ni ada ya mtoto shuleni. Kwa hiyo tumeona yafaa tulijibu swali hili kwa kirefu.

Tuanze na jina. Wakulima wanalijua neno haibridi tangu zamani kwa sababu ya mbegu za mahindi, zile tunazoziita mahindi chotara, zinazopatikana kwa kuchanganya mbegu mbili za asili tofauti. Motokaa ya haibridi vile vile ina wazazi wawili: injini ya petroli na mota ya umeme. Wengine huiita motokaa mseto, na jina hilo si baya.

Watu wengi hudhani kwamba huu ni uvumbuzi wa jana. Sivyo. Mwaka 1900, katika karakana ya Lohner mjini Vienna, kijana mmoja fundi aitwaye Ferdinand Porsche alitengeneza gari ambalo injini zake za petroli hazikuzungusha magurudumu, bali zilizungusha dinamo. Nazo dinamo zikatoa umeme wa kuendesha mota zilizofungwa ndani ya magurudumu yenyewe. Lilikuwa zito na ghali, na petroli ilipokuwa rahisi watu hawakuona sababu ya kujisumbua. Jambo hilo likalala kwa miaka mingi. Likaamshwa na shida, kama yanavyoamshwa mengi. Mwaka 1973 mafuta yalipoadimika duniani, na bei yake ikapanda karibu mara nne kufikia mwanzo wa mwaka uliofuata, mhandisi wa Marekani aitwaye Victor Wouk alikuwa akishughulika kuigeuza motokaa ya Buick Skylark iwe na injini na mota pamoja. Mwaka 1974 ilipimwa, ikaonekana kuwa inapunguza moshi na petroli kwa kiasi kikubwa. Lakini mpango wa serikali uliokuwa ukisaidia kazi hiyo uliachwa, na motokaa yake ikabaki moja tu.

Waliolimaliza jambo hili ni Wajapani. Mwaka 1993 kampuni ya Toyota ilianza kufikiri juu ya motokaa ya karne iliyokuwa ikija, na kazi hiyo akapewa mhandisi Takeshi Uchiyamada. Motokaa ya kwanza ya majaribio ilipounganishwa mwaka 1995 haikwenda popote. Mafundi waliishughulikia siku 49 ndipo ikajongea, na hata hivyo ilikwenda mita mia chache tu. Mwezi wa Desemba mwaka 1997 motokaa hiyo iliuzwa madukani Japani kwa jina la Prius, neno la Kilatini lenye maana ya kutangulia. Leo tunaziona Prius, Aqua na nyingine za namna hiyo zikishushwa bandarini Dar es Salaam na kupandishwa hadi kwetu, zikiwa zimekwisha tumika huko zilikotoka.

Sasa tuje kwenye utendaji wake, ambao ndio kiini cha barua.

Yapasa kwanza tuelewe ubaya wa motokaa ya kawaida. Petroli inapoungua ndani ya injini hutoa joto jingi, lakini katika joto hilo ni robo tu, au theluthi ikiwa injini ni nzuri, linalogeuka kuwa nguvu ya kusukuma gari. Linalobaki hupotea kwa njia ya bomba la moshi na rejeta. Zaidi ya hayo, injini hupimwa kwa kazi yake iliyo nzito kuliko zote, yaani kupanda mlima ikiwa na abiria watano, au kulipita lori. Ikiwa mjini, mwendo wa kilomita 20 kwa saa, nguvu inayotakiwa ni sehemu ndogo mno ya nguvu iliyopo. Ni sawa na kuchemsha chai ya mtu mmoja katika sufuria la arusi: kuni nyingi zinateketea kwa ajili ya kulipasha moto sufuria. Na motokaa inaposimama kwenye msongamano, injini huendelea kunguruma na kunywa petroli bila kusogea hata hatua moja.

Liko na ubaya mwingine usioonekana. Dereva akanyagapo breki, ule mwendo wote alioununua kwa petroli hugeuka kuwa joto katika pedi za breki na kupeperuka hewani. Dakika moja baadaye anaununua upya. Anayeendesha teksi kutoka soko moja hadi jingine hununua na kutupa mara mia kadhaa kwa siku.

Mota ya umeme ina sifa moja ya ajabu inayotibu ugonjwa huo. Ukiipa umeme, huzunguka. Ukiizungusha kwa nguvu, hutoa umeme, yaani imekuwa dinamo. Kwa hiyo dereva wa motokaa ya haibridi ainuapo mguu au akanyagapo breki kwa upole, magurudumu ndiyo yanayoizungusha mota, nayo huirudishia betri umeme. Na kule kuzungushwa kwa nguvu ndiko kunakoizuia motokaa. Breki za kawaida zipo, nazo hufanya kazi pale dereva anapokanyaga kwa nguvu na pale motokaa inapokaribia kusimama kabisa. Kwa sababu hiyo pedi za motokaa hizi hudumu muda mrefu kupita za motokaa nyingine, jambo ambalo wauza vipuri hawatalifurahia.

Umeme uliookolewa hutumika motokaa inapoondoka tena. Mwanzo wa mwendo, mahali ambapo injini ya petroli ni dhaifu na yenye uchu, mota ya umeme ina nguvu zake zote. Motokaa huondoka kimya, kisha mwendo ukiongezeka au betri ikipungua, injini huwaka yenyewe na kushika kazi. Penye mlima husaidiana. Penye taa nyekundu injini huzimika. Yote hayo huamuliwa na kompyuta, dereva asijue ila kwa kusikia mngurumo ukija na kwenda.

Wasomaji wetu walio mafundi, hasa wale wa karakana za Buyenzi ambao hatuthubutu kuwafundisha kazi, watauliza: injini na mota zinaunganishwaje bila kugombana? Katika Prius na ndugu zake jibu ni gia za sayari. Fikiri gia ndogo katikati, inayoitwa jua. Kando yake zinaizunguka gia ndogo kadhaa, ndizo sayari, zikishikwa pamoja na fremu moja. Na nje yake iko pete kubwa yenye meno kwa ndani. Injini imefungwa kwenye fremu ya sayari. Jua limefungwa kwenye mota ya kwanza, ambayo kazi yake hasa ni kufua umeme na kuiwasha injini. Pete imeunganishwa na mota ya pili na magurudumu. Injini isukumapo, nguvu ya mzunguko hugawanyika kwa hesabu ya meno: pete ina meno 78 na jua meno 30, hivyo asilimia 72 hivi huenda moja kwa moja kwenye magurudumu na asilimia 28 huenda kufua umeme. Kompyuta ikiongeza au kupunguza mwendo wa jua, injini hupata mwendo unaoifaa, hata kama motokaa inakwenda polepole au mbio. Kwa mpango huo hakuna klachi, hakuna gia za kubadilisha, hakuna stata, wala hakuna alteneta yenye mkanda. Kwa maoni yetu huu ndio uzuri mkubwa wa chombo hiki, nao haupo kwenye matangazo ya wauzaji: sehemu nyingi ambazo huharibika katika motokaa ya kawaida hazimo kabisa.

Injini nayo si ile ile ya kawaida. Inafuata mpango uliobuniwa na Mwingereza James Atkinson mwaka 1882, ambao hulipa joto la petroli nafasi ndefu zaidi ya kufanya kazi kabla ya kutolewa nje. Injini ya namna hiyo hunywa kidogo, lakini ni dhaifu wakati wa kuondoka, na ndiyo sababu haikupendwa na watengenezaji wa magari kwa miaka mia moja. Mota ya umeme inaufunika udhaifu huo.

Si motokaa zote za haibridi zilizo hivi. Katika Nissan Note ya e-Power, iliyotoka mwaka 2016, injini haigusi magurudumu hata kidogo. Hufua umeme tu, kama alivyofanya Porsche kule Vienna. Nyingine zina mota ndogo ya kusaidia tu, na faida yake ni ndogo. Zipo pia zinazochajiwa kwa umeme wa nyumbani. Anayenunua na aulize ni ya aina gani, kwani neno haibridi lililobandikwa nyuma ya motokaa halielezi yote.

Faida yake kwa hesabu ni hii. Shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira liliipima Prius ya mwaka 2010 yenye injini ya lita 1.8, likaona kwamba mjini inakwenda kama kilomita 21.7 kwa lita moja, na barabara kuu kilomita 20.4. Corolla ya mwaka huo huo, yenye injini ya ukubwa ule ule na gia za kujibadilisha, ilikwenda kilomita 11 mjini na 14.5 barabara kuu. Tazama vizuri tarakimu hizo. Mjini tofauti ni karibu mara mbili. Barabara kuu tofauti inapungua. Na motokaa ya haibridi, kinyume cha desturi, hula kidogo zaidi mjini kuliko safarini, kwa sababu mjini ndiko kuliko na breki nyingi na kusimama kwingi.

Hapo tunaweza kumjibu bibi wa Buyenzi. Barabara zetu na joto letu si za maabara, kwa hiyo tupunguze: tuseme haibridi ipate kilomita 18 kwa lita na motokaa ya kawaida kilomita 10. Teksi inayokwenda kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, inakwenda kilomita 30,000. Motokaa ya kawaida itakunywa lita 3,000. Ya haibridi itakunywa lita 1,667. Zimeokolewa lita 1,333, na kila mtu azizidishe kwa bei aliyoilipa juzi. Tangi la Prius hiyo ni la lita 45. Likijaa, motokaa itakwenda kilomita 810 kabla ya kurudi kwenye foleni, badala ya 450. Kwa dereva wa teksi siku ya foleni ni siku isiyo na mapato, nayo iingizwe katika hesabu.

Lakini kwa bwana wa ofisi anayekwenda kilomita 20 tu kwa siku, hesabu hiyo hiyo inatoa lita 267 kwa mwaka. Ikiwa haibridi inamgharimu zaidi wakati wa kununua, huenda akangoja miaka mingi kabla ya kurudishiwa fedha zake. Na kwa mfanyabiashara anayepakia magunia kila juma kwenda bara, njia za udongo na matope, motokaa hizi ndogo zilizo karibu na ardhi hazikuundwa kwa ajili yake. Hata Probox, ambayo kila mtu anaijua hapa kwetu, ilitengenezwa ya haibridi mwaka 2018, lakini nyingi tunazoziona ni za petroli tupu, na kwa kazi ya mizigo ya bara hatumshauri mtu aziache kwa sababu ya sifa za mjini.

Sasa lipo kosa moja ambalo tungependa kulisahihisha kwa mkazo, kwani ni kosa la gharama. Wako watu wanaosema kwamba petroli ikikosekana, motokaa ya haibridi itakwenda kwa umeme. Haitakwenda. Betri ya Prius ya mwaka 2004 ina uwezo wa kilowati-saa 1.3 tu, na kompyuta huruhusu sehemu yake ya katikati tu itumike ili idumu. Hiyo ni kilomita moja au mbili za mwendo wa polepole. Umeme wote uliomo, isipokuwa katika zile za kuchajiwa nyumbani, ulitoka kwenye petroli. Tena anayelazimisha motokaa iendelee baada ya tangi kukauka anaimaliza betri kubwa, na betri hiyo ndiyo inayoiwasha injini. Akishapata petroli atakuta injini haiwaki, na kuichaji betri ile si kazi ya chaja ya kawaida. Kipimo cha petroli kikifika chini, itie motokaa petroli au iegeshe.

Kosa la pili linahusu milima yetu. Anayeteremka kutoka Bugarama kuja Bujumbura anashuka zaidi ya mita 1,000. Motokaa yenye uzito wa kilo 1,400 pamoja na watu wake, ikishuka mita 1,000, inaachilia nguvu ipatayo kilowati-saa 3.8. Betri, kama tulivyosema, haiwezi kupokea hata moja. Kwa hiyo mwanzoni mwa mteremko alama ya betri itajaa, na tangu hapo mota haitaweza tena kuizuia motokaa kwa kuchaji. Dereva asiyejua atategemea breki za kukanyaga, zitapata moto, na njia ile ina waendesha baiskeli wengi wenye mikungu ya ndizi. Dawa ipo. Kando ya alama ya D iko herufi B. Ukiiweka hapo, injini huzungushwa bila kutiwa petroli na kuwa kizuizi. Itanguruma sana, usiogope. Rudisha D ufikapo tambarare, kwani kuendesha mjini katika B ni kupoteza bure.

Na betri yenyewe? Hofu ya bibi ina msingi, ingawa inakuzwa. Mwaka 2011 gazeti la Consumer Reports la Marekani lilichukua Prius ya mwaka 2002 iliyokuwa imekwenda zaidi ya kilomita 320,000, likaipima kama lilivyoipima ya namna hiyo ilipokuwa mpya. Matumizi ya petroli yalikuwa karibu sawa sawa. Hiyo ni habari njema. Lakini motokaa moja si ushahidi wa zote, na betri huzeeka kwa miaka na kwa joto, si kwa kilomita peke yake. Motokaa iliyofika kwetu ikiwa na umri wa miaka 12 ina betri ya miaka 12, hata kama kipimo cha mwendo kinaonyesha kilomita chache, na hata kama rangi yake inang'aa.

Betri ya Prius ya mwaka 2004 au ya 2009 ni ya nikeli, nayo ni vipande 28 vilivyopangwa kwa safu, kila kipande kikiwa na seli sita za volti 1.2, jumla volti 201.6. Kompyuta huvisoma kwa makundi 14 ya vipande viwili viwili. Anayenunua na atake fundi mwenye kifaa cha kusomea kompyuta amwonyeshe makundi hayo yote 14 wakati motokaa inapanda mlima na inaposhuka. Yote yakienda pamoja, vyema. Kundi moja likibaki nyuma kwa volti moja na zaidi kila mara nguvu inapotakiwa, huenda seli imekufa. Hata bila kifaa, tazama picha ya betri kwenye dashibodi: ikijaa kwa dakika moja na kumalizika kwa dakika nyingine, betri imechoka. Feni ikivuma kwa nguvu nyuma ya kiti siku isiyo ya joto, ulizia sababu yake.

Muuzaji akikwambia kwamba kipande kimoja kilikufa naye amekibadili kwa kingine, usilipokee jambo hilo kama tengenezo. Vipande vilivyobaki vina umri ule ule wa kile kilichokufa, na mara nyingi kinachofuata hakikawii. Ushauri wetu kwa wenye teksi ni huu: ulizieni bei ya betri nzima kabla ya kununua motokaa, si baada ya kununua, na sehemu ya zile lita zilizookolewa iwekwe kando kila mwezi kwa ajili yake. Kwa hesabu ya lita 1,333 kwa mwaka, teksi ya mjini yaweza kuilea betri yake. Motokaa ya kilomita 20 kwa siku itaona taabu.

Ndani ya nyumba yako mambo ambayo kila mmoja apaswa kuyajua, hata asiyeshika usukani. Nyaya nene za rangi ya machungwa zilizo chini ya boneti hubeba umeme unaoweza kuua. Mtoto asizichezee, mwosha magari asizivute, na fundi asizifungue bila kuondoa plagi ya usalama ya betri, kuvaa glavu za mpira za kazi ya umeme, na kungoja angalau dakika 10 ili umeme uliojificha katika inveta uishe. Pili, motokaa iliyonyamaza si motokaa iliyozimwa. Neno READY likiwa linawaka kwenye dashibodi, motokaa iko tayari kuondoka. Iliyoachwa hivyo ndani ya gereji iliyofungwa itaiwasha injini yenyewe betri ipunguapo, na moshi wake utaingia ndani ya nyumba watu wakiwa wamelala. Zimeni, hakikisheni taa zimezimika, ndipo mfunge mlango. Katika uani wenye watoto, dereva arudipo nyuma apige honi kwanza, kwa kuwa hakuna mngurumo wa kuwaonya.

Iko na betri nyingine ndogo ya volti 12, kama ya motokaa yoyote, ambayo kazi yake ni kuiamsha kompyuta. Motokaa ikikaa majuma mawili au matatu bila kuguswa, betri hii hufa kabla ya ile kubwa, na mwenyewe hudhani kwamba ameharibikiwa na kila kitu. Yaweza kuamshwa kwa nyaya kutoka motokaa nyingine, lakini chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, bila kubahatisha. Kuzigeuza kunaweza kuunguza inveta, na inveta ni ghali. Ikiharibika njiani isivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakigusa ardhi, kwa maana magurudumu hayo huzungusha mota nayo hufua umeme bila kutakiwa. Yainuliwe.

Na jambo la mwisho ni la mama wa nyumbani na la watoto waoshao motokaa siku ya Jumamosi. Pembeni mwa kiti cha nyuma katika Prius, na chini ya kiti hicho katika Aqua ya mwaka 2011, kuna tundu lenye matundu madogo madogo. Watu huliona kama pambo. Ndilo pua ya betri: feni huvuta hewa ya ndani ya motokaa kupitia hapo ili kuipoza. Tumeona teksi ambazo tundu hilo limezibwa na blanketi la mtoto, na mfuko wa unga, na mahali pengine maganda ya karanga yaliyochanganyika na vumbi la njia. Betri isiyopumua katika joto la Bujumbura haifiki mbali. Lisafishwe kwa brashi kavu kila juma, fundi aifungue feni na kuipangusa angalau mara moja kwa mwaka, na abiria waombwe wasiegemeze mizigo yao pale. Maji yasimwagwe hapo kabisa, wala kiti cha nyuma kisioshwe kwa ndoo. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha.